India ya Kati kwa Begi la Mgongoni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupanda Treni

Kila mwaka watu wengi wa Afrika Mashariki huenda India. Wapo wanaosindikiza wagonjwa Chennai na Hyderabad, wapo wanafunzi wa Pune na Bengaluru, na wapo wafanyabiashara wanaofuata vitambaa Surat. Wengi hurudi nyumbani wakiijua hospitali, chuo au soko, na labda Taj Mahal kama walipata siku moja ya ziada. Lakini katikati ya nchi hiyo, katika jimbo la Madhya Pradesh, kuna miji ambayo wasafiri wa begi la mgongoni wamekuwa wakiipitia kwa miaka mingi: Gwalior, Orchha, Khajuraho, Bhopal, Indore na Mandu. Nauli zake zinavumilika, watalii hawajai kama Agra au Jaipur, na mambo ya kuona yanaanzia michoro ya watu wa kale mapangoni hadi misikiti ya karne ya 20.

Makala haya ni kwa yule atakayekuwa tayari yuko India na ana wiki moja au mbili, na kwa yule anayepanga kwenda kutembea tu. Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: chagua vituo vichache vinavyofuatana kwenye reli, kaa siku mbili au tatu kila kituo, na malizana na karatasi zako kabla hujafunga begi. Anayekimbilia kuona kila kitu kwa siku saba huishia kuiona India kupitia dirisha la treni.

Karatasi na chanjo

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuomba viza ya utalii ya India kwa mtandao. Angalia vizuri anwani ya tovuti: ya serikali ya India huishia na gov.in. Zipo tovuti nyingi za mawakala zilizopambwa zikafanana na ya serikali, nazo hutoza ada mara kadhaa zaidi. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matibabu asome masharti ya viza yake kabla ya kuanza kuzunguka, na atembee na nakala ya kibali cha ukaazi kama anacho.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka nchi ambazo India imeziorodhesha kuwa na ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo ukichanja wiki ya safari umechelewa. Anayefika bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Hata kama unatoka nchi isiyo na masharti hayo, ukipita njiani katika nchi iliyomo kwenye orodha utaulizwa.

Piga nakala nne au tano za pasipoti na ukurasa wa viza, ubebe na picha ndogo kadhaa. Utaombwa vitu hivyo kwenye gesti na unaposajili laini ya simu.

Msimu

Oktoba hadi Machi ndiyo miezi mizuri. Aprili hadi Juni joto hupanda kupita nyuzi 40, na kutembea juu ya ngome ya mawe saa sita mchana huwa ni kujitafutia ugonjwa. Mvua za masika ya huko hunyesha Juni hadi Septemba. Barabara nyingine huharibika, ila Mandu hugeuka kijani kibichi na Wahindi wengi huenda kuitazama wakati huo. Desemba na Januari usiku ni baridi ya kuhitaji sweta, na ukungu wa kaskazini huchelewesha treni kwa saa nyingi. Katika miezi hiyo usipange kushuka kwenye treni na kupanda ndege siku hiyohiyo.

Kuielewa treni

Safari nzima inaning'inia kwenye reli, hivyo jifunze mambo machache ya tiketi. Tiketi za kulala hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na za njia kuu huisha haraka. Daraja linaloitwa Sleeper ni la bei nafuu: vitanda vitatu kwa kwenda juu, madirisha wazi, hakuna shuka. Daraja la 3A lina kiyoyozi, shuka, blanketi na mto. Kwa safari ya usiku, hasa kwa mwanamke anayesafiri peke yake, tofauti ya nauli inalipa.

Ukikata tiketi utaona hali yake. CNF ina maana umepata kitanda. RAC ina maana unaruhusiwa kupanda, lakini utagawana kitanda cha pembeni na abiria mwingine mkikaa, mpaka kipatikane kingine. WL ni orodha ya kusubiri: tiketi ya mtandaoni ikibaki WL hadi orodha ya abiria inapofungwa, hufutwa na fedha hurudishwa, na huruhusiwi kupanda nayo. Mpango wa dakika za mwisho unaoitwa Tatkal, tangu Julai 2025, unahitaji kitambulisho cha taifa cha India kwa anayekata mtandaoni. Kwa hiyo mgeni asiutegemee. Kwenye stesheni kubwa kama New Delhi kuna ofisi ya kukatia wageni tiketi, na baadhi ya treni zina nafasi chache zilizotengwa kwa watalii wa nje. Nenda na pasipoti yenyewe, nakala haitoshi.

Jambo moja limewapoteza wengi: majina ya stesheni yamebadilika. Stesheni ya Jhansi sasa ni Virangana Lakshmibai Jhansi. Habibganj, mojawapo ya stesheni za Bhopal, tangu Novemba 2021 inaitwa Rani Kamlapati, na ni tofauti na Bhopal Junction. Soma tiketi yako vizuri kabla hujamwambia dereva wa bajaji akupeleke wapi.

Ndani ya behewa, kitanda cha juu kina faida ya utulivu, kwani cha kati hukunjwa mchana na cha chini hugeuka kiti cha wote. Beba mnyororo mdogo na kufuli, ufunge begi kwenye vyuma vilivyo chini ya kiti cha chini. Pasipoti na fedha zikae mwilini, hata unapokwenda msalani. Ukiwa na tatizo ndani ya treni, namba ya msaada wa reli ni 139.

Gwalior: ngome na sifuri

Kutoka Delhi, treni za kasi hufika Gwalior kwa muda wa kama saa nne au pungufu. Ngome yake imekaa juu ya mlima wa mawe unaoonekana mji mzima. Jumba la Man Singh Tomar, mfalme aliyetawala kuanzia 1486 hadi 1516, bado lina vigae vya buluu ukutani vyenye safu ya bata, tembo na migomba. Ukipanda kwa upande wa magharibi utapita chini ya sanamu kubwa za dini ya Kijaini zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe katika karne ya 15. Nyuso za nyingi kati yake ziliharibiwa kwa amri ya Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal.

Wengi hupita bila kusimama kwenye hekalu dogo la Chaturbhuj, lililo kwenye njia ya kupandia upande wa mashariki. Usifanye hivyo. Ndani yake kuna jiwe lenye maandishi ya mwaka 876 yanayotaja bustani iliyotolewa kwa hekalu, yenye urefu wa mikono 270, na mashada 50 ya maua ya kila siku. Katika 270 na 50 sifuri imechongwa kama kiduara kidogo kuliko tarakimu zinazotangulia. Ni mojawapo ya sifuri za zamani zaidi zilizosalia kwenye mawe, na kila bei, namba ya simu na alama ya mtihani tunayoandika leo inafuata mtindo huohuo wa kuhesabu.

Orchha: mahali pa kupumzika

Orchha iko karibu kilomita 18 kutoka Jhansi, na bajaji za kuchangia abiria hupatikana. Ni mji mdogo kando ya mto Betwa, uliokuwa makao ya wafalme wa Bundela. Jumba la Jahangir Mahal lilijengwa na Bir Singh Deo, na ngazi zake nyembamba zenye giza zinataka viatu vyenye kushika na tochi. Kando ya mto yamejengwa makaburi ya kumbukumbu ya wafalme, na tai hutaga juu ya minara yake. Katika hekalu la Ram Raja, mungu Ram huabudiwa kama mfalme mwenye mamlaka, na polisi humpigia saluti kila siku. Wasafiri waliochoshwa na honi za Delhi hupanga kulala Orchha usiku mmoja, wakajikuta wameongeza wa pili na wa tatu. Kama una watoto au mzee, hapa ndipo pa kuwapumzishia.

Khajuraho: kazi ya Wachandela

Khajuraho ina stesheni yake tangu 2008, na pia kuna basi kutoka Jhansi, safari ya kilomita kama 175. Mahekalu yake mengi yalijengwa na wafalme wa Chandela kati ya miaka ya 950 na 1050. Mapokeo yanasema yalikuwa 85. Leo yamebaki kama 25. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1986.

Watu wengi wamesikia habari za sanamu za mapenzi tu. Hizo ni sehemu ndogo ya sanamu zote. Zungukia hekalu la Kandariya Mahadeva polepole, uone wapiga ngoma, askari, tembo, mwanamke anayejitia wanja, mwingine anayetoa mwiba mguuni. Ukienda na wazazi au wakwe, waeleze mapema ili pasiwe na fadhaa, na watoto wapeleke kundi la mashariki lenye mahekalu ya Kijaini, lililo tulivu zaidi.

Wanahistoria wengi wanaamini kwamba mji ambao Ibn Battuta aliuita Kajarra ndio huu. Msafiri huyo wa Morocco alifika Kilwa na Mombasa mwaka 1331, kisha miaka kadhaa baadaye akapita India ya kati akaandika habari za ziwa refu, mahekalu yaliyolizunguka na watawa wenye nywele ndefu zilizosokotana. Msomaji wa pwani anayezijua sifa alizoimwagia Kilwa ana sababu ya pekee ya kutaka kukanyaga hapa.

Khajuraho ndiyo yenye wasumbufu wengi kuliko miji mingine ya njia hii. Kijana atakuja kuzungumza nawe kirafiki, akupeleke kuona shule au kijiji, na mwisho wake uwe duka la vinyago au bahasha ya mchango. Sema hapana kwa sauti ya kawaida, uendelee kutembea. Kiongozi wa watalii mchukue mwenye kitambulisho cha serikali, na mpatane bei kabla ya kuingia.

Bhopal, Sanchi na Bhimbetka

Bhopal ni kituo kizuri cha kuweka kambi, kwani sehemu mbili za Urithi wa Dunia zinaweza kutembelewa kutoka hapo kwa safari za kwenda na kurudi. Mji wenyewe una ziwa kubwa, makumbusho ya makabila yanayofaa nusu siku nzima, na historia isiyo ya kawaida: kuanzia 1819 hadi 1926 ulitawaliwa kwa sehemu kubwa na wanawake wanne Waislamu, waliojulikana kama Begum wa Bhopal. Sikandar Begum alikwenda Makka kuhiji na kuandika habari za safari yake. Binti yake, Shah Jahan Begum, alianza kujenga msikiti wa Taj-ul-Masajid, mmoja wa misikiti mikubwa ya Asia, ambao ulikuja kukamilika mwaka 1985. Asiye Mwislamu aepuke kwenda siku ya Ijumaa.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha Union Carbide mjini humo. Watu zaidi ya nusu milioni waliivuta, na maelfu walikufa. Mitaa iliyoathirika bado inakaliwa na manusura na watoto wao. Ukipita huko, usiwapige watu picha bila kuwaomba.

Sanchi iko kaskazini-mashariki mwa Bhopal, chini ya kilomita 50, na treni za kawaida na mabasi hufika. Ukishika noti ya rupia 200 utaliona kuba lake la Kibuddha nyuma. Lilianzishwa na mfalme Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Sogea karibu na malango manne ya mawe: yamechongwa hadithi za maisha ya Buddha, lakini yeye mwenyewe haonekani kwa umbo la mtu. Utaona nyayo, mti, gurudumu au farasi asiye na mpanda farasi, na watu wamepiga magoti mbele yake. Ukilijua hilo kabla hujafika, malango yatasomeka.

Bhimbetka iko kama kilomita 45 kusini mwa Bhopal. Mwanaakiolojia V. S. Wakankar aliyatambua mapango yake yenye michoro mwaka 1957, na leo yanahesabika zaidi ya 700, ingawa wageni huonyeshwa machache. Michoro myekundu na myeupe ya nyati, swala na wawindaji imepangana, ya zama moja juu ya zama nyingine. Usafiri wa umma huishia barabara kuu, hivyo changeni gari wawili watatu.

Indore na Mandu: kula, kisha mibuyu

Indore imeshinda tuzo ya mji safi zaidi India mara nyingi mfululizo tangu 2017, na mgeni huona tofauti mara tu anaposhuka. Asubuhi watu hula poha, yaani mchele uliopondwa bapa kama pepeta, ukakaangwa kwa manjano na kitunguu, ukanyunyiziwa ndimu, na kuliwa pamoja na jalebi ya moto. Usiku nenda Sarafa. Mchana ni soko la masonara. Wakishafunga maduka, mbele yake hupangwa meza za vyakula hadi usiku wa manane.

Mandu iko karibu kilomita 100 kutoka Indore. Ulikuwa mji mkuu wa masultani wa Malwa, juu ya uwanda wenye makorongo pande zote. Jahaz Mahal limejengwa kati ya mabwawa mawili hata likaonekana kama meli. Kaburi la Hoshang Shah ni la marumaru nyeupe, la zamani kuliko Taj Mahal kwa takriban karne mbili. Kutoka banda la Rupmati, siku yenye hewa safi, unaliona bonde la mto Narmada chini kabisa.

Na njiani utakutana na mibuyu. Ni mibuyu hasa, mikubwa, yenye matumbo kama ya Dodoma au Malindi. Miti hiyo asili yake ni Afrika, na kwa kuwa iliota sana Mandu kuliko sehemu nyingine za India ya kati, wenyeji huuza matunda yake barabarani kwa jina la kwaju la Mandu. Nunua ubuyu wake, na umweleze muuzaji kwenu unaliwaje. Mazungumzo yatakuja yenyewe.

Malazi, viingilio na fedha

Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba ya wageni atoe taarifa ya kila mgeni wa nje ndani ya saa 24. Wengi huiita Fomu C. Gesti ndogo ambazo hazijajisajili kwa mfumo huo hukataa wageni, hata kama umeshalipa kwenye programu. Kabla ya kulipa, piga simu uulize: mnapokea raia wa kigeni? Swali hilo moja litakuepusha kuhangaika na begi saa tano usiku.

Katika sehemu za kihistoria zinazosimamiwa na serikali kuu, mgeni hulipa zaidi ya Mhindi. Viwango vilivyowekwa mwaka 2018 ni rupia 600 kwa maeneo ya juu kama Khajuraho na Sanchi, na 300 kwa mengine mengi. Mhindi hulipa 40 au 25. Watoto chini ya miaka 15 huingia bure. Weka viingilio kwenye bajeti mapema, kwani vinaweza kuzidi gharama ya kulala.

Wahindi hulipa karibu kila kitu kwa simu, na mgeni asiye na mfumo huo hutegemea noti. Beba noti ndogo. Dereva wa bajaji hatakuwa na chenji ya 500. Programu za usafiri hufanya kazi Bhopal, Indore na Gwalior, na zitakusaidia kuijua bei halali hata ukiamua kupanda ya barabarani.

Chakula na afya

Migahawa mingi haipiki nyama kabisa, na kuchinja ng'ombe ni marufuku katika jimbo hili. Nyama ya halali utaipata mitaa ya Waislamu, hasa mji wa kale wa Bhopal. Kunywa maji ya chupa yenye kizibo kisichoguswa, kula chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi, na achana na matunda yaliyokwishamenywa. Beba pakiti za ORS, dawa ya kufukuza mbu na dawa zako za kawaida pamoja na karatasi ya daktari.

Mwafrika akiwa njiani

Jambo hili lazima lisemwe wazi. Miji midogo ya India ya kati haijazoea kuona watu weusi. Utakodolewa macho, utaombwa picha mara nyingi kwa siku, na wengi wao ni watu wenye furaha tu ya kukutana na mgeni. Una haki ya kukubali na una haki ya kukataa. Lakini ubaguzi upo. Mei 2016 kijana wa Kongo aliuawa kwa kipigo Delhi, na mwaka uliofuata wanafunzi wa Kiafrika walishambuliwa na kundi la watu Greater Noida. Kwa hiyo chukua tahadhari: fika mji mgeni mchana, usibishane na mtu watu wanapoanza kukusanyika, mwachie ndugu ratiba yako, na weka namba ya ubalozi wako Delhi kwenye simu. Dharura ya aina yoyote piga 112. Msaada kwa watalii, kwa lugha mbalimbali, ni 1363.

Wanawake wanaosafiri peke yao wavae nguo za kusitiri mabega na miguu, na wasikubali kuongozwa na mtu waliyekutana naye stesheni. Katika mahekalu na misikiti vua viatu.

Ratiba ya wiki mbili

Mwenye siku 14 agawe hivi: Gwalior 2, Orchha 2, Khajuraho 2, Bhopal na viunga vyake 3, Indore na Mandu 3, na mbili za akiba kwa ajili ya treni zilizochelewa. Mwenye wiki moja aache Khajuraho na Indore, abaki na Gwalior, Orchha na Bhopal, ambazo ziko karibu na reli kuu moja itokayo Delhi.

Kwa ndugu yangu unayekwenda India kwa masomo, biashara au kumuuguza mgonjwa: ukipata likizo au siku za kusubiri majibu ya vipimo, usizimalizie zote chumbani au dukani. Kata tiketi mapema, uliza gesti kuhusu Fomu C, na upande treni ya kwenda katikati ya nchi. Umeshalipa nauli ya kuvuka bahari. Iliyobaki ni ndogo.